Raundi ya kwanza dakika 50, ya tatu dakika 73: nguvu zilikwenda wapi?

Swali: Shikamoo kocha. Nimetoka kwenye mashindano yangu ya kwanza ya baiskeli za milimani: raundi tatu za kilomita 12, njia ya msituni yenye mawe na mizizi, na kilima kirefu mara tu baada ya kuanza. Nimefanya mazoezi ya barabarani mwaka mzima na nilijiona niko fiti. Nilianza na kundi la mbele, raundi ya kwanza nikaimaliza kwa dakika 50. Ya pili ilinichukua dakika 64, ya tatu 73. Kwenye miteremko mikono ilikufa ganzi, nikawa nashuka na kuisukuma baiskeli, na mwishoni mapaja yalikaza hadi nikasimama kabisa. Mwenzangu ninayemwacha siku zote kwenye lami alitumia dakika 55, 55 na 56. Je, mazoezi yangu yalikuwa bure? Ninunue baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma? Nina wiki nane kabla ya mashindano yajayo.

Jibu: Marahaba ndugu yangu, na hongera kwa kumaliza. Wengi wangeacha pale mapaja yalipokaza. Umenisaidia sana kwa kuandika muda wa kila raundi, maana muda wa jumla peke yake usingeniambia kitu. Ukijumlisha, wewe ulitumia dakika 187 na mwenzako 166, kwa hiyo alikushinda kwa dakika 21. Lakini tazama zilivyopatikana. Raundi ya kwanza ulimtangulia kwa dakika 5. Raundi ya pili alikupunguzia dakika 9, na ya tatu dakika 17. Zile 5 za mwanzo ulizilipia 26.

Mtu asiye na mazoezi huwa mzito tangu raundi ya kwanza. Wewe ulikuwa mwepesi kupita kiasi, ndipo ukaporomoka. Kwa hiyo hapana, mwaka wako wa barabarani haukuwa bure, nguvu unazo. Tatizo ni mahali ulipozitumia, na baada ya kusoma maelezo yako mara kadhaa naamini hukuzimalizia kilimani peke yake. Sehemu kubwa ilipotea kwenye miteremko, mahali ambapo mwenzako alikuwa akipumzika.

Tuanze na kilima hicho. Mashindano ya njia za porini huanza kwa fujo, na fujo hiyo ina sababu. Baada ya uwanja wa kuanzia, njia hubana ghafla ikawa kijia cha mtu mmoja, na anayeingia humo akiwa nyuma hukwama kwenye foleni ya watu walioshuka kusukuma. Ndiyo maana wataalamu hugombania nafasi kwa nguvu zao zote. Lakini mbio zao za raundi, zile za Olimpiki, hupangwa zichukue saa moja na dakika 20 hadi 40 hivi. Vipimo vilivyofanywa kwa waendeshaji wa ngazi za juu vimeonyesha moyo ukidunda kwa wastani wa karibu asilimia 90 ya kiwango chake cha juu kabisa, tangu mwanzo hadi mwisho. Ni mzigo mkubwa mno, na wanaweza kuubeba kwa sababu mbio huisha kabla akiba yao haijaisha. Wewe ulikuwa na safari ya saa tatu, ukaingia nayo kwa mwendo wa saa moja na nusu.

Mwili ukinyonga baiskeli huchoma mafuta na wanga kwa pamoja. Mwendo ukiwa wa wastani, mafuta hubeba sehemu nzuri ya kazi. Ukikaza mpaka huwezi kumaliza sentensi, karibu kila kitu hutoka kwenye wanga uliohifadhiwa misulini na kwenye ini, yaani glikojeni. Akiba hiyo kwa mtu mzima aliyezoea mazoezi ni kama gramu 400 hadi 500, na kwa kazi ngumu inatosha saa moja na nusu hadi mbili. Jumlisha raundi zako mbili za kwanza: dakika 114. Uliianza ya tatu karibu ghala likiwa tupu, na kwa kuwa hukutaja popote kwamba ulikula njiani, nadhani hakuna kilichoingia.

Kilima cha mwanzo kina mtego mwingine kwa mgeni. Kipimo cha mapigo ya moyo huchelewa: ukikaza ghafla, miguu hufanya kazi ngumu kwa muda mzuri kabla namba haijapanda ikakuonyesha ukweli. Juu ya hapo, msisimko wa kuanza na kelele za watu hukufanya usisikie uzito wa miguu. Kwa dakika kumi za kwanza, basi, usiamini saa yako wala hisia za mapaja. Sikiliza pumzi. Ukiweza kusema maneno matatu au manne kabla ya kuvuta hewa tena, mwendo huo unaweza kuishi nao. Ukibaki na neno moja, umeshavuka mpaka, na kila dakika unayokaa huko utailipa baadaye kwa bei ya juu. Kwa nguvu ulizo nazo leo, njia ikiwa ile ile, ningekupangia dakika 56 kwa raundi ya kwanza. Zitakuuma, kwa sababu watu unaowaweza watakupita. Waache wapite.

Jipange katikati ya kundi, sehemu ya mbele kidogo ya katikati. Ukijipanga mstari wa kwanza utaburutwa na watu wenye miguu kuliko wewe. Ukijipanga mwisho utakutana na foleni ile ya kusukuma. Na kilimani kaa kitini. Barabarani umezoea kusimama kwenye pedali mwinuko unapokuwa mkali, na lami inakuruhusu. Penye kokoto na udongo mlegevu, kusimama huondoa uzito kwenye tairi la nyuma, nalo likazunguka bure. Sogea mbele ya kiti, inamisha viwiko, weka gia nyepesi kabla mwinuko haujakukaba, unyonge kwa mduara mlaini. Anayebadilisha gia akiwa ameshazidiwa na kilima hukata cheni au husimama.

Sasa miteremko. Hapa nitakaa zaidi, maana wewe umeitaja kwa sentensi moja tu ilhali mimi ndiko ninakoona kazi kubwa.

Mchezo huu kwa kiasi kikubwa ulizaliwa kwenye mteremko. Mwaka 1976 vijana wa wilaya ya Marin, California, walianza kushindana kushuka njia ya udongo karibu na mji wa Fairfax, mbio zilizojulikana kama Repack. Walitumia baiskeli nzito za zamani zenye breki ya kurudisha pedali nyuma, na kushuka mara moja kulitosha kuunguza grisi yote ndani ya habu ya nyuma, ikabidi ifunguliwe na kupakwa grisi mpya. Mmoja wao, Gary Fisher, aliiweka rekodi ya njia hiyo, dakika 4 na sekunde 22. Baiskeli zimebadilika kabisa tangu siku zile, lakini ujuzi wa kushuka bado ndio unaoutenga mchezo huu na wa barabarani, na ndio usioweza kuuvuna kwenye lami hata ukizunguka mwaka mzima.

Mikono kufa ganzi na vidole kushindwa kubana breki ni dalili ninayoiona kwa karibu kila mtu anayetoka barabarani. Misuli ya kigasha ikibanwa bila kuachiwa, damu haipiti vizuri ndani yake. Uchovu hurundikana, nguvu za vidole huisha, na mtu akiona vidole vinaisha huogopa, akiogopa hubana zaidi. Chanzo ni breki kushikwa muda wote. Mwendeshaji mzoefu hubana kwa nguvu mahali penye mshiko, kwa muda mfupi, halafu huachia kabisa na kuiacha baiskeli itembee juu ya mawe. Mgeni hubana kidogo kidogo kutoka juu hadi chini. Anadhani anajilinda, kumbe gurudumu lililobanwa hukwama kwenye jiwe ambalo gurudumu huru lingelipanda na kulivuka.

Ipo pia gharama ya nguvu. Chukua wewe na baiskeli yako kuwa kilo 80 kwa pamoja. Ukipunguza kasi kutoka kilomita 25 kwa saa hadi 10, umetupa takriban jouli 1,600. Kuzirudisha kwenye ardhi tambarare unahitaji zaidi ya sekunde 6 za kunyonga kwa wati 250, ambazo kwa mwendeshaji wa kawaida ni kazi ya kweli. Kwenye njia inayopanda na kushuka kila mara, ukifanya hivyo bila sababu mara 40 kwa raundi, umejiongezea zaidi ya dakika 4 za kazi ngumu katika raundi hiyo, na mwenzako aliyeachia breki hana habari nazo. Zidisha kwa raundi tatu. Ndiyo sababu mtu unayemwacha kwenye lami anaweza kukuacha msituni huku moyo wake ukidunda taratibu kuliko wako.

Kwa hiyo ufanye nini? Anza na macho. Kwa kasi ya kilomita 18 kwa saa unasafiri mita 5 kila sekunde. Ukiangalia jiwe lililo mbele ya tairi, umeshafika juu yake kabla ubongo haujaamua lolote. Kinachobaki ni kushtuka na kubana. Tupa macho mita 10 au 15 mbele, mahali unapotaka kwenda, na uyaache mawe ya karibu yashughulikiwe na magoti na viwiko. Ukitazama mti unaouogopa, utaugonga, kwa sababu mabega hufuata macho na usukani hufuata mabega. Hili linahitaji mazoezi ya makusudi, maana hofu huyavuta macho chini kila njia inapoharibika.

Halafu mwili. Simama kwenye pedali zikiwa usawa mmoja, kisigino kimeshuka kidogo, magoti yamelegea, viwiko vimefunguka nje, kidevu juu ya usukani. Watu wengi wameambiwa warudi nyuma kabisa ya kiti kwenye mteremko, nao wanarudi mpaka mikono inanyooka. Siupendi ushauri huo. Mikono ikinyooka huwezi tena kuelekeza, na tairi la mbele likikosa uzito huteleza kwenye kona ya kwanza. Rudi nyuma kadiri mteremko unavyokuwa mkali tu, uzito ukiwa miguuni, mikono ikiwa myepesi. Njia ya kujipima ni rahisi: ukiwa unashuka, je, unaweza kuchezesha vidole vyako kwenye usukani? Kama huwezi, umeubeba mwili kwa mikono.

Shusha kiti. Kama baiskeli yako ina nguzo ya kiti inayoshuka kwa kitufe, itumie kila mteremko, hata ule mfupi. Kama haina, ukifika mazoezini kishushe kwa mkono sentimita chache ujifunze miendo ya mwili, halafu siku ya mashindano kiweke kwenye urefu wa kunyonga.

Vidole: kimoja kwa kila breki, kile cha shahada, kama breki zako ni za diski za mafuta. Vingine vinashika usukani. Sogeza wenzo wa breki ndani kidogo ili kidole kiushike kwenye ncha, na uelekeze chini kidogo ili kifundo cha mkono kisikunjike. Ni kazi ya dakika tano na ufunguo mdogo wa pembe sita, na kwa mtu anayekufa ganzi mikono hakuna matengenezo mengine yenye faida kiasi hicho.

Kona: punguza kasi kabla hujaingia, ukiwa bado umenyooka, kisha achia breki ndani ya kona. Mshiko wa tairi kwenye udongo una kikomo. Ukiutumia kusimamisha baiskeli, haubaki wa kutosha kuikunja. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, na waliokuambia usiiguse kwenye mteremko wamekunyima zana yako bora. Itumie, ila kwa upole, gurudumu likiwa limenyooka, na kamwe si juu ya mizizi iliyolowa.

Kuhusu kushuka na kusukuma, usilionee haya. Zipo sehemu ambazo hata wazoefu hushuka. Kinachopoteza muda ni kuamua ukiwa umeshachelewa: mtu anaingia, anakwama, anaweka mguu chini kwa hofu, anasimama, anatafuta pa kupanda tena. Kama umeshajua kwamba mita 20 zile za mawe hazikufai, shuka kabla hujazifikia, baiskeli ikiwa bado na kasi, ukimbie nayo, upande tena mahali palipo tambarare. Uamuzi huo unafanywa siku ya kukagua njia. Nenda siku moja kabla, zunguka raundi moja polepole, na kila sehemu ngumu simama, rudi juu, itembee kwa miguu, kisha uipite tena. Chagua njia mbili: ile ya haraka, na ile ya pembeni ya kutumia ukiwa umechoka au mtu ameanguka mbele yako. Katika raundi ya tatu utashukuru kwamba ile njia ya pembeni ipo.

Kula na kunywa ni suala dogo kwa maneno ila kubwa kwa matokeo. Kwa mbio za saa tatu lenga gramu 60 za wanga kwa saa, kwa jeli, kinywaji chenye sukari au chochote ambacho tumbo lako limekizoea. Wapo wanaofika gramu 90 kwa kuchanganya aina mbili za sukari, glukosi na fruktosi, lakini tumbo linahitaji wiki kadhaa kuzoea, na siku ya mashindano si siku ya kulijaribu. Maji, kati ya mililita 400 na 800 kwa saa kulingana na joto na jasho lako. Tofauti na barabarani, msituni huwezi kunywa unapojisikia: mikono yote miwili ina kazi. Ukikagua njia, weka alama kichwani mahali pawili au patatu katika raundi ambapo njia ni pana na mwinuko ni wa upole, na hapo unywe na kula kila mara upitapo, una njaa au huna. Anza ndani ya dakika 20 za kwanza. Njaa ikishakupata katikati ya raundi ya pili, utakachokula kitakufikia umechelewa.

Mapaja kukaza: utasikia wengi wakikuambia ni chumvi. Kwa mtu anayetoa jasho jingi chumvi inaweza kuwa na mchango wake, lakini ushahidi wenye nguvu zaidi unaonyesha misuli iliyochoka kupita mazoea yake, mishipa ya fahamu ikaanza kuiamrisha ijikunje bila mpangilio. Ndiyo maana kuunyoosha msuli hutuliza papo hapo, kabla ya chumvi yoyote kufika popote. Mapaja yako yalipewa mwendo ambao hayajawahi kupewa kwa saa tatu, na kwenye miteremko yalibaki yamekunjika bila kunyonga. Mwendo wa mwanzo ukirekebishwa, nategemea tatizo hili lipungue lenyewe. Likirudi, shusha gia, nyonga kwa wepesi, na unyooshe mguu mmoja mmoja ukiwa umesimama kwenye pedali.

Sasa wiki zako nane. Usiiache barabara, inakupa pumzi bila kukuvunja mwili. Bakiza safari moja ndefu kila wiki, saa tatu au zaidi, kwa mwendo wa kuzungumza, na humo ndimo ujizoeze kula gramu 60 kwa saa. Siku nyingine iwe ya kilima: mara nne hadi tano za dakika 6 hadi 8, kwa nguvu ya kukubakizia maneno machache tu, ukishuka taratibu kupumzika kati yake. Kuanzia wiki ya tatu ongeza siku ya mishtuko mifupi, sekunde 40 za kukaza na 20 za kulegeza, dakika kumi mfululizo, upumzike, urudie. Msitu ndivyo unavyodai: hauombi nguvu moja tulivu kama barabara, unaomba mlipuko, kisha kutulia, kisha mlipuko tena. Katika baadhi ya siku hizo fanya zoezi la kuanza: dakika moja ya kasi, halafu jilazimishe kurudi kwenye pumzi ya maneno matatu huku mwinuko ukiendelea. Ni zoezi la kujizuia, na ndilo ninalolitaka zaidi kwako.

Siku mbili kwa wiki ziwe za msitu, moja ikiwa ya ujuzi mtupu. Usizunguke njia ndefu. Tafuta kipande kifupi, cha dakika moja au mbili kushuka, chenye kona na mawe, ukirudie mara nyingi, kila mara ukiwa na jambo moja tu akilini. Leo macho. Wiki ijayo kuachia breki kabla ya kona. Miguu itajiona haifanyi kazi, lakini ni hapo utakapozipata zile dakika za kila raundi. Wiki ya mwisho punguza muda wa mazoezi hadi karibu nusu, ukibakiza mishtuko michache ili miguu isilale.

Kuhusu baiskeli mpya, kwa sasa nasema usinunue. Shokapu ya nyuma hupunguza uchovu na husaidia tairi kushika ardhi kwenye mawe, nakubali. Lakini haitakufundisha kuachia breki, na wewe utakuwa mtu yule yule juu ya baiskeli nzito zaidi kilimani. Anza na upepo wa tairi, kwa kuwa watu wanaotoka barabarani karibu wote hujaza kupita kiasi. Kwa tairi zisizotumia tyubu zenye upana wa inchi 2.2 hadi 2.4 na mtu wa kilo 70 hivi, psi 20 hadi 25 ni mahali pazuri pa kuanzia, nyuma ikizidi mbele kwa psi moja au mbili. Kama una tyubu ndani, ongeza kidogo, maana tyubu ikibanwa kati ya jiwe na ringi hupasuka sehemu mbili. Tumia kipimo kile kile kila mara. Kidole gumba hakitoshi. Shokapu ya mbele nayo ipimwe: ukisimama kwenye pedali tayari kushuka, inapaswa kuzama kama asilimia 20 hadi 25 ya urefu wake. Vibao vya breki vikiwa vyembamba, vibadilishe kabla ya wiki ya mwisho ili vipate muda wa kukaa sawa na diski.

Umesema pia ulikuwa unashuka mara nyingi. Wenye kasi wakikukuta ukisukuma, wape njia. Anayeendesha ana haki ya njia mbele ya anayetembea, na anayetaka kupita husema mapema anapita upande gani. Huna haja ya kuruka kichakani. Sema umemsikia, endelea mpaka mahali penye nafasi, ujibane pembeni. Ikiwa ni mashindano ya raundi chini ya kanuni za shirikisho la kimataifa, UCI, aliyebaki nyuma sana huondolewa njiani: kipimo ni kuachwa kwa asilimia 80 ya muda wa raundi ya kwanza ya kiongozi. Mashindano mengi ya wasio wataalamu hayana ukali huo, ila uliza kabla.

Na jiandae kwa pancha. Julai 2024, kwenye Olimpiki ya Paris, Tom Pidcock wa Uingereza alipata pancha katikati ya mbio, akalazimika kubadilishiwa gurudumu, akapoteza zaidi ya nusu dakika. Hakujaribu kuirudisha yote kwa pigo moja. Aliwafuata mmoja mmoja kwa raundi kadhaa, akampita Victor Koretzky wa Ufaransa katika raundi ya mwisho na kuchukua dhahabu. Yeye alikuwa na eneo la mafundi. Wewe utakuwa peke yako kwenye kijia. Beba vizibo vya tairi, tyubu moja ya akiba, wenzo wa kutolea tairi, pampu ndogo au kopo la gesi, na kiungo cha akiba cha cheni kinacholingana na idadi ya gia zako. Ukisikia upepo unatoka, toka kwanza nje ya njia, zungusha gurudumu ili tundu liwe chini na gundi ya ndani ilifikie. Lisipozibika ndani ya nusu dakika, weka kizibo. Zoezi hili lifanye angalau mara moja kabla ya siku yenyewe, kwenye tairi lako mwenyewe, mikono ikiwa inatetemeka kwa uchovu baada ya kilima, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa.